Benedicto Kiwanuka

Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka (8 Mei 1922 – Septemba 1972) alikuwa mwanasheria na mwanasiasa wa Uganda. Alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo mwaka 1962, na tangu Juni 1971 alikuwa Jaji Mkuu wa kwanza aliyezaliwa Uganda. Tarehe 21 Septemba 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin, alitekwa na watu wenye silaha akiwa kazini katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala. Hakuonekana tena akiwa hai, wala mwili wake haukupatikana.

Kiwanuka aliongoza serikali kwa muda mfupi, na alikuwa Jaji Mkuu kwa miezi isiyozidi kumi na tano. Hata hivyo jina lake hutajwa mara nyingi panapozungumzwa uhuru wa mahakama katika Afrika Mashariki. Sababu kubwa ni uamuzi alioutoa mwezi uleule aliotekwa, ambao kwa huo aliamuru mtu aliyekamatwa na wanajeshi aachiliwe.

Maisha ya awali

Kiwanuka alizaliwa katika kijiji cha Kisabwa, eneo la Buddu, katika ufalme wa Buganda. Buddu, ambayo mji wake mkubwa ni Masaka, ilikuwa ngome ya Wakatoliki tangu vita vya kidini vilivyoigawa Buganda mwishoni mwa karne ya 19. Yeye pia alilelewa katika Ukatoliki. Jambo hilo lina uzito katika historia yake, kwa sababu katika Uganda ya kikoloni dini ya mtu ilihusiana sana na nafasi yake katika uongozi. Wakatoliki walikuwa wengi kuliko Waprotestanti, lakini vyeo vikubwa katika serikali ya Kabaka vilishikwa zaidi na Waprotestanti.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijiunga na jeshi la Waingereza, akatumikia kuanzia mwaka 1942 hadi 1946 katika nchi za Kenya, Misri na Palestina. Kama askari wengi wa Kiafrika wa wakati huo, alirudi nyumbani akiwa ameona mengi na hakuridhika tena na hali aliyoiacha.

Baada ya vita alipata kazi ya ukarani na ukalimani katika Mahakama Kuu ya Uganda. Majaji wakati huo walikuwa Waingereza, na washtakiwa wengi hawakujua Kiingereza. Mkalimani alisimama kati yao: alimfahamisha mshtakiwa mashtaka yake, akamweleza jaji utetezi wake. Kazi hiyo ilimwonyesha Kiwanuka kwa karibu jinsi sheria inavyofanya kazi, na jinsi mtu asiyeielewa lugha ya mahakama anavyoweza kupoteza haki yake. Miaka zaidi ya ishirini baadaye alirudi katika mahakama hiyohiyo kama mkuu wake.

Masomo

Aliyetaka kuwa wakili wakati huo hakuwa na pa kusomea Afrika Mashariki. Kitivo cha kwanza cha sheria katika eneo hili kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Kiwanuka alikwenda kwanza Basutoland, nchi inayoitwa leo Lesotho, akasoma katika Chuo cha Pius XII kilichopo Roma, chuo cha Kikatoliki ambacho ni chimbuko la Chuo Kikuu cha Taifa cha Lesotho. Kutoka huko alikwenda Uingereza mwaka 1952 kusoma sheria katika University College London. Alipokelewa katika uwakili kupitia Gray's Inn mwaka 1956.

Alirudi Uganda mwaka huohuo akafungua ofisi yake ya uwakili. Alikuwa amemwoa Maxencia Zalwango, na walijaliwa watoto kadhaa.

Kiongozi wa Democratic Party

Chama cha Democratic Party, kwa kifupi DP, kilianzishwa mwaka 1954. Wengi wa waanzilishi wake walikuwa Wakatoliki waliotaka kukomesha ubaguzi katika ugawaji wa vyeo. Miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo alikuwa Matayo Mugwanya. Wito wa chama ulikuwa "Ukweli na Haki". Kiwanuka alichaguliwa kuwa kiongozi mkuu mwaka 1958, akajitahidi kukifanya kiwe chama cha nchi nzima badala ya chama cha dini moja au eneo moja.

Suala gumu la siasa za Uganda wakati huo lilikuwa nafasi ya Buganda. Serikali ya Kabaka iliyokuwa Mengo iliogopa kwamba katika nchi huru yenye Bunge moja, ufalme ungepoteza mamlaka yake. Kiwanuka, ingawa alikuwa Mganda, alitaka Uganda moja yenye serikali kuu yenye nguvu. Msimamo huo ulimletea uadui Mengo. Wengi wa watetezi wa ufalme hawakukubali kwamba Mganda wa kawaida, asiye wa ukoo wa kifalme, angeweza kuwa mkubwa kuliko Kabaka wake.

Uchaguzi wa Machi 1961 ulionyesha jinsi mambo yalivyokuwa yamechanganyika. Mengo iliwataka Waganda wasusie, na wengi walisusia. DP ilishiriki, ikachukua viti karibu vyote vya Buganda kwa kura chache sana. Matokeo ya nchi nzima yakawa viti 43 kwa DP na 35 kwa chama cha Uganda People's Congress (UPC) cha Milton Obote, ingawa UPC ilikuwa na jumla kubwa zaidi ya kura. Kiwanuka alikuwa Waziri Kiongozi mwaka huo, na Uganda ilipopewa serikali ya ndani tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu.

Hakukaa muda mrefu. UPC ilikuwa imefanya mapatano na Kabaka Yekka, chama kilichoanzishwa kutetea ufalme. Chini ya mapatano ya katiba, wabunge wa Buganda hawakuchaguliwa moja kwa moja na wananchi bali na Lukiiko, yaani baraza la ufalme. Kabaka Yekka ilikuwa imeshinda viti 65 kati ya 68 katika uchaguzi wa Lukiiko wa Februari 1962. Hivyo katika uchaguzi wa Bunge wa Aprili, DP haikupata chochote kutoka Buganda, na Kiwanuka mwenyewe alikosa kiti. Obote akawa Waziri Mkuu, na ndiye aliyepokea uhuru tarehe 9 Oktoba 1962.

Miaka ya upinzani

Kiwanuka alirudi kwenye uwakili huku akiendelea kuongoza DP akiwa nje ya Bunge. Wabunge wa chama waliongozwa na Basil Bataringaya, ambaye baadaye alihamia UPC pamoja na wenzake kadhaa, akawa waziri.

Mapatano ya UPC na Buganda yalivunjika. Mwaka 1966 Obote alisimamisha katiba, jeshi likashambulia ikulu ya Kabaka, na Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ilipewa mtihani mkubwa. Michael Matovu, chifu wa Buddu, alikuwa amewekwa kizuizini, na mawakili wake waliomba mahakama iamuru aachiliwe. Ili kujibu ombi hilo, majaji walilazimika kuamua kama katiba mpya ilikuwa halali. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Udo Udoma kutoka Nigeria, iliamua kwamba mapinduzi yaliyofaulu na kukubalika huzaa sheria mpya, na kwa hiyo katiba ya 1966 ilikuwa halali. Hukumu hiyo ilisomwa na kunukuliwa katika nchi nyingi zilizopata mapinduzi. Wakosoaji wake waliona kwamba mahakama ilikuwa imempa uhalali yeyote mwenye nguvu.

Mwaka 1969, baada ya jaribio la kumwua Obote mwezi Desemba, vyama vya upinzani vilipigwa marufuku. Kiwanuka alikuwa miongoni mwa viongozi waliofungiwa kizuizini.

Uteuzi kuwa Jaji Mkuu

Tarehe 25 Januari 1971 Meja Jenerali Idi Amin alimpindua Obote, aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Siku chache baadaye Amin aliwafungua wafungwa wa kisiasa, Kiwanuka akiwemo. Buganda ilishangilia, hasa Amin aliporuhusu mwili wa Kabaka Mutesa, aliyefariki London mwaka 1969, urudishwe na kuzikwa nyumbani.

Juni 1971 Amin alimteua Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu. Wengi huona kwamba uteuzi huo ulikusudiwa pia kuwavuta Waganda na Wakatoliki upande wa serikali mpya. Kwa Kiwanuka ilikuwa heshima kubwa, lakini pia hatari. Alikuwa ametumia maisha yake katika siasa, na sasa alitakiwa kuhukumu bila kuelemea upande wowote. Tena aliapishwa na serikali iliyotawala kwa amri za kijeshi, bila Bunge.

Inafaa kueleza cheo hicho kilikuwa na maana gani wakati ule. Jaji Mkuu aliongoza Mahakama Kuu na mahakama zote zilizo chini yake. Rufaa kutoka Mahakama Kuu hazikuishia Uganda. Zilikwenda kwenye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyohudumia Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977.

Uamuzi wa Septemba 1972

Katika mwaka wa pili wa utawala wa Amin, wanajeshi walikuwa wamezoea kukamata raia na kuwaweka katika kambi na magereza ya kijeshi, hasa Makindye, bila kuwafikisha mahakamani. Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke katika muda wa siku 90. Uhusiano na Uingereza uliharibika, na Waingereza waliokuwa Uganda nao walianza kukamatwa.

Mmoja wao, mfanyabiashara, alikamatwa na wanajeshi na kufungiwa Makindye. Mawakili wake walikwenda Mahakama Kuu kuomba amri inayojulikana kwa jina lake la Kilatini, habeas corpus.

Amri hiyo ni ya kale katika sheria ya Kiingereza, na nchi zilizotawaliwa na Uingereza ziliirithi. Utaratibu wake ni rahisi. Ndugu, rafiki au wakili wa mtu aliyefungiwa huwasilisha ombi mahakamani akieleza kwamba mtu huyo anashikiliwa isivyo halali. Jaji akiona ombi lina msingi, humwamuru anayemshikilia amlete mbele ya mahakama na aeleze ni sheria gani inayomruhusu kumshikilia. Jaji haulizi kama mtu huyo ana hatia au hana. Swali ni moja tu: je, aliyemkamata ana mamlaka ya kisheria? Kama hana, mfungwa huachiliwa papo hapo. Hata mtu anayeshukiwa kwa kosa kubwa analindwa na amri hiyo, kwa sababu bila ya hiyo serikali ingeweza kumficha mtu yeyote na kukaa kimya.

Kiwanuka alilisikiliza ombi hilo yeye mwenyewe. Aliamua kwamba jeshi halikuwa na mamlaka ya kumkamata raia huyo, akaamuru aachiliwe. Aliachiliwa.

Ugumu wa uamuzi huo haukuwa katika sheria yenyewe, kwani mwanafunzi wa sheria angeweza kufika kwenye jibu lilelile. Ugumu ulikuwa katika kulisema jibu hilo hadharani, mwezi ambao Rais aliwataja Waingereza kuwa maadui wa nchi, na askari waliotajwa katika kesi walikuwa nguzo ya utawala wake. Jaji hana askari wala hazina. Ana kalamu na muhuri, na amri yake hupata nguvu pale tu wenye silaha wanapokubali kuitii. Safari hii walitii, lakini walikasirika.

Kutekwa

Tarehe 17 Septemba 1972 wapiganaji waliomuunga mkono Obote waliingia Uganda kutoka Tanzania, wakashambulia Mbarara na Masaka. Walishindwa katika siku chache. Shambulio hilo liliipa serikali sababu ya kuwasaka wote iliowashuku kuwa upande wa Obote. Kumhesabu Kiwanuka miongoni mwao kulikuwa jambo la ajabu, kwani Obote alikuwa mshindani wake kwa zaidi ya miaka kumi na ndiye aliyemfunga.

Asubuhi ya tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliovaa kiraia walifika Mahakama Kuu. Walimchukua Jaji Mkuu kutoka ofisini kwake mchana kweupe, wafanyakazi wa mahakama wakiona, wakamtia katika gari na kuondoka naye. Hakuna hati ya kukamatwa iliyoonyeshwa na hakuna shtaka lililotajwa.

Serikali ilikanusha kuhusika, ikadai kwamba alitekwa na wapinzani wake. Maelezo mengi yaliyotolewa baadaye husema kwamba alipelekwa katika gereza la kijeshi la Makindye na kuuawa huko. Kuna masimulizi mbalimbali kuhusu siku na namna ya kifo chake. Familia yake haikupewa mwili wa kuzika.

Hakuwa peke yake. Katika majuma hayohayo walitoweka Basil Bataringaya, Joseph Mubiru aliyekuwa gavana wa Benki ya Uganda, na Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Watu wengi zaidi wasio na vyeo walipotea bila majina yao kuandikwa popote.

Kwa mtu aliyefungiwa bila sheria kulikuwa na dawa, nayo ni ile amri ambayo Kiwanuka mwenyewe alikuwa ameitoa mwezi huohuo. Lakini amri huhitaji jaji asiyeogopa kuiandika na askari anayekubali kuipokea. Baada ya Jaji Mkuu kuchukuliwa kutoka ofisini kwake, majaji na mawakili wote walielewa ujumbe. Baadhi ya mawakili waliihama nchi.

Uchunguzi

Nafasi ya Kiwanuka ilichukuliwa na Samuel Wako Wambuzi, ambaye alikuja kushika cheo cha Jaji Mkuu mara tatu chini ya serikali tofauti, mara ya mwisho hadi mwaka 2001.

Kwa kushinikizwa na lawama za nje, Amin aliunda mwaka 1974 tume ya kuchunguza watu waliotoweka tangu Januari 1971. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mohamed Saied. Tume ilisikiliza ushahidi wa familia nyingi na ilionyesha kwamba vyombo vya usalama vya serikali vilihusika na sehemu kubwa ya matukio hayo. Ripoti haikubadili mwenendo wa utawala, na utekaji uliendelea hadi Amin alipoondolewa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Mwaka 1986 serikali ya Yoweri Museveni iliunda tume nyingine chini ya Jaji Arthur Oder, kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu tangu uhuru.

Urithi

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imeiweka haki ya kuomba amri ya habeas corpus miongoni mwa haki chache ambazo haziwezi kuondolewa wala kusimamishwa kwa sababu yoyote. Haki nyingine za kundi hilo ni pamoja na kutoteswa, kutofanywa mtumwa na kusikilizwa mahakamani kwa haki. Waandishi wa katiba hiyo walikuwa watu walioishi miaka ya 1970.

Jina la Kiwanuka lilirudi vinywani mwa watu mwezi Novemba 2005. Watu wenye silaha waliovaa nguo nyeusi waliizingira Mahakama Kuu mjini Kampala siku ambayo washtakiwa wa kesi ya uhaini walipewa dhamana. Jaji Kiongozi James Ogoola alisema kwamba mahakama haikuwa imeshambuliwa kwa namna hiyo tangu kutekwa kwa Kiwanuka. Tukio kama hilo lilirudiwa Machi 2007, na majaji wakasimamisha kazi kwa siku kadhaa kupinga.

Tangu mwaka 2018 Mahakama ya Uganda huandaa kila Septemba mhadhara wa kumbukumbu ya Benedicto Kiwanuka, ambapo majaji, mawakili na wananchi hujadili utawala wa sheria. Chama cha DP nacho humtaja kama shahidi wake mkuu. Mwanawe Maurice Kagimu Kiwanuka aliingia katika siasa na kuwa waziri wa nchi, na mjukuu wake Mathias Kiwanuka, mzaliwa wa Marekani, alijulikana kama mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa timu ya New York Giants.

Wanahistoria hutofautiana kuhusu Kiwanuka kama mwanasiasa. Wapo wanaomwona mtu mgumu, asiyejua kupatana, aliyepoteza nafasi ya kuiongoza Uganda huru kwa kukataa kuelewana na Mengo. Wengine husema kwamba kutopatana huko ndiko kulikomfanya awe jaji aliyekuwa. Tabia iliyomgharimu uwaziri mkuu mwaka 1962 ndiyo iliyomwezesha, miaka kumi baadaye, kutia sahihi amri ambayo wengi wangetafuta sababu ya kuiahirisha.